Mchana inaediti harusi, usiku inakunja protini

Kazi yangu ni kupiga video za harusi hapa Malindi, upande wa kina mama, yaani hina, kesha, kupamba, zile shughuli ambazo mpiga video mwanamume hakanyagi, na kwa ajili ya hiyo kazi nina kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki, ile sehemu ya kushughulikia picha na video, GTX 1060 ya giga 6, mtumba, nilinunua Mombasa kwa elfu kumi na tatu baada ya kuchoka kukesha na lepto inayotoa video moja mpaka alfajiri. Sasa Ramadhani ikiingia harusi zinasimama, mwezi mzima hakuna shughuli, na ile kadi inakaa tu pale chini ya meza haina la kufanya. Ramadhani ya 2025 ndo niliamua isikae bure tena.

Sababu yangu ni bibi yangu. Bibi alianza kusahau taratibu, mwanzo majina ya wajukuu, alafu akawa anauliza kama adhana ya alasiri imelia na imelia zamani na ameshasali, mwisho akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki miaka mingi. Watu walisema ni uzee, mwachieni. Daktari aliyemuona ndo alitupa jina la ugonjwa, Alzheimer, akatueleza ukweli kwamba dawa ya kuuponya hakuna, kuna za kupunguza kasi kidogo na kuna kumtunza, basi. Bibi alifariki 2023 Mwenyezi Mungu amrehemu. Hasira nilobaki nayo haikua juu ya mtu, ni kwamba mimi sina la kufanya, si daktari, si tajiri, nina kamera na kompyuta tu.

Binamu yangu wa Mombasa ndo alinikumbusha Folding@home, mradi ambao watu wanachangia kompyuta zao kuhesabu kwa ajili ya utafiti wa magonjwa. Nilishaisikia 2020 wakati wa korona, harusi zote zimefutwa tuko ndani, yeye akasema kuna watu duniani wanachangia kompyuta zao kuhesabu mambo ya kile kirusi, lakini wakati huo nilikua na lepto tu nikapuuza. Kumbe mwaka huo huo ule mradi, kwa kompyuta za watu wa kawaida waliojitolea majumbani, ulivuka eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde moja, kabla kompyuta yoyote kubwa ya serikali au chuo duniani haijafika hapo. Ulianzishwa Chuo Kikuu cha Stanford Oktoba 2000, wakati mie bado niko primari.

Ngoja nieleze inafanya nini maana nyumbani nilieleza mara kumi mpaka nikapata namna ya kueleza. Protini ya mwilini ni kama uzi uliotungwa shanga, shanga zenyewe ni vitu vidogo vinaitwa amino asidi, na ule uzi haukai umenyooka, unajikunja wenyewe ukapata umbo na umbo ndo linaupa kazi. Ukijikunja vibaya kazi inaharibika, na kuna protini zikienda vibaya zinagandana kwenye ubongo, ndo moja ya mambo yanayoonekana kwa wagonjwa kama bibi. Kuona kwa macho vile inavyojikunja haiwezekani, ni ndogo mno na inakwenda mbio mno, kwa hivo wanasayansi wanaihesabu kwa kompyuta, kila atomu inavutwa wapi inasukumwa wapi, alafu wanasogeza hatua moja ndogo sana, wanahesabu tena, mamilioni ya hatua, na ukimaliza yote hayo umepata kipande kifupi tu cha muda wa ile protini. Kazi kama hiyo wanaikatakata vipande, wanavituma kwa watu, kila mtu anahesabu chake anakirudisha. Na kadi ya grafiki inafaa kuliko prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, kwa sababu imejaa vijiprosesa vidogo vingi, yangu inavyo 1280, vyote vinafanya hesabu za aina moja kwa pamoja. Mama nilimwambia ni kama kusuka mkeka, ukiwa peke yako utasuka ukili wote mwenyewe, mkiwa wanawake thelathini kila mmoja anasuka ukili wake alafu mnakuja kushona pamoja. Hapo alielewa mara moja.

Kuinstoli kwenyewe ni dakika kumi, unachukua programu kwa wenyewe tu, sio kwa mtu aliyekutumia faili, unachagua jina la kuonekana (msitumie majina yenu kamili, yanaonekana na dunia nzima), unaomba namba yako ya siri inakuja kwa imeili. Ile namba iwekeni tangu siku ya kwanza, kwa sababu kila kipande unachorudisha unapewa pointi, na pointi za nyongeza za kumaliza mapema hazianzi mpaka uwe umerudisha vipande kumi ukiwa nayo. Kuna pia mahali pa kuchagua ugonjwa unaopendelea, nikaweka Alzheimer. Hawaahidi kwamba utapewa huo tu, ni upendeleo, kama haupo unapewa mwingine na mie sina neno.

Sasa kosa la kwanza. Usiku mbili nzima nililala nikijua kadi inafanya kazi, asubuhi naamka naangalia asilimia imesogea kidogo kama konokono, nikasema labda kadi yangu ni kuukuu. Usiku wa tatu nimekaa nasubiri daku nikaweka mkono nyuma ya kompyuta, hewa inayotoka kwenye kadi ni baridi. Baridi kabisa! Kumbe toleo la sasa la ile programu halitumii kadi mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye mipangilio uiweke tiki, bila hiyo inatumia prosesa peke yake. Nikaweka tiki, na hapo hapo feni zikaanza kulia. Kwa hivo mtu akianza, kabla hajalala aangalie kama kadi imeandikwa kwenye orodha na inapanda joto, asiamini tu kwamba imewaka. Ukiwa unatumia Linux kuna jambo lingine, draiva ya bure (programu ya kuendesha kadi) inayokuja na mfumo haitoshi, lazima uweke ya NVIDIA wenyewe, waliotengeneza kadi, pamoja na ile sehemu ya OpenCL inayoruhusu kadi ifanye hesabu, la sivyo programu itakwambia haijaona kadi yoyote. Mdogo wangu alihangaika na hilo siku nzima.

Kipande cha kwanza kilichukua saa saba. Wallahi nilipoona asilimia mia na logi, yaani kumbukumbu ya programu, inasema imepokelewa nilinyamaza kidogo nikamkumbuka bibi, alafu nikaenda kula daku.

Hapo ndo joto likaanza. Mwezi wa tatu Malindi mnaujua, kaskazi inaisha upepo umekufa, chumba saa sita usiku bado ni moto, na mie nimeweka mashine inayotema wati mia mbili ndani ya chumba cha dirisha moja. Kadi ilipanda mpaka digrii 83 ikabaki hapo hapo, nikadhani ndo vizuri imetulia, kumbe 83 ndo kiwango ambacho zile kadi zimewekewa na kiwanda, ikifika inaanza kujipunguza spidi yenyewe isiungue. Yaani nalipia stima ya spidi yote napata spidi nusu nusu. Nikampelekea fundi wa pale mjini anayenifanyia kompyuta, akaifungua, ndani vumbi limeshikana na chumvi ya bahari kama utando, na pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na kile chuma chake imekauka kama udongo. Akaniambia hii kadi imefanya kazi usiku na mchana huko ilikotoka. Aliisafisha, akaweka pesti mpya, mia nane shilingi, ikashuka mpaka 71. Sisi wa pwani chumvi ni adui, vitu vya chuma vinaliwa, na kitu kinachovuta hewa usiku kucha kinavuta na chumvi pamoja, kwa hivo sasa kila baada ya miezi miwili mitatu napulizia vumbi mwenyewe, na kompyuta nimeitoa dirishani nimeiweka ndani zaidi japo kule dirishani kulikua na upepo. Upepo wa bahari unapoza lakini unakula.

Alafu tokeni. Mama ndo ananunua tokeni za nyumba, mimi nachangia. Siku ya tano akaniita.

"Mwanangu, kuna nini humu ndani? Tokeni ya elfu moja imekwenda kabla ya Ijumaa."

"Ni kompyuta mama."

"Kompyuta ulikua nayo siku zote. Mbona haikua ikila hivi?"

Nilikaa nae chini nikapiga hesabu mbele yake, nikaona bora hesabu kuliko maneno. Kadi yangu ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula wati 120, prosesa na feni na kila kitu kingine kama 80, jumla 200. Saa ishirini na nne ni uniti karibu tano kwa siku. Uniti kwetu pamoja na makato inaangukia karibu shilingi 30, kwa hivo ni kama shilingi 145 kwa siku, zaidi ya elfu nne kwa mwezi. Elfu nne! Mama hakusema kitu kwa muda, alafu akaniuliza ile kazi ni ya nini tena, nikamwambia ni ya ugonjwa wa bibi. Bibi ni mamake yeye. Akasema, "Usizime. Lakini tafuta njia."

Na njia ipo, hii ndo sehemu natamani mtu angenieleza siku ya kwanza kwa sababu watu wa stima za bei rahisi hawaihisi sana lakini sisi inatuamua kabisa. Kadi ya grafiki unaweza kuiwekea kikomo cha wati. Mie natumia programu inaitwa MSI Afterburner, kuna kipimo cha nguvu, nikashusha kutoka mia mpaka kama asilimia 62, ikawa inakula wati 75 badala ya 120. Nilitegemea spidi itashuka vile vile, haikushuka vile vile, ilipungua kama sehemu moja kwa tano tu! Sababu yake ni kwamba zile wati za mwisho mwisho zinatumika kusukuma chipu ifike spidi ya juu kabisa ambayo haileti faida kubwa, ni kama boti, ukifungulia injini mpaka mwisho petroli inaisha mara mbili na spidi inaongezeka kidogo. Joto likashuka mpaka 62, kelele zikapungua, mdogo wangu anayelala chumba cha pili akashukuru. Prosesa nikaitoa kwenye kukunja kabisa, nikaiachia kazi ya kuilisha kadi tu, maana kadi inahitaji japo kiini kimoja (core) cha prosesa cha kuipelekea data, ukivijaza vyote kazi nyingine kadi inakaa inangoja.

Alafu nikaacha mambo ya saa ishirini na nne. Naanza saa tatu usiku baada ya taraweh, nazima saa moja asubuhi. Wati 135, yaani 75 za kadi na kama 60 za vingine vyote, kwa saa kumi ni uniti moja na kidogo, shilingi 40 kwa usiku. Pesa hiyo naitoa mimi kila Jumamosi, namtumia mama kwa simu, hajawahi kuniuliza tena.

Kosa lililoniuma kuliko yote sio la pesa lakini. Wiki ya tatu tulifiwa Lamu, jamaa upande wa baba, tukaondoka alfajiri na kila mtu, mie nikasimamisha kompyuta ikiwa kipande kiko asilimia 58, nikajisemea nitakimalizia nikirudi, kwani kinakwenda wapi. Tulikaa siku nne. Niliporudi nikawasha, ikakitupa kile kipande palepale, muda wake umepita, ikachukua kipya. Mwanzo nilisikitika pointi. Alafu nikakaa kusoma vile kazi inavyopangwa na hapo ndo nikajisikia vibaya kweli.

Vile vipande havikatwi pembeni kwa pembeni kama keki, angalau sio vyote. Safari moja ya protini inakatwa kwa urefu, kipande cha pili kinaanza pale cha kwanza kilipoishia, cha tatu pale cha pili kilipoishia, kwa hivo mpaka mie nirudishe changu hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuanza kinachofuata kwenye huo uzi. Kuna muda wa kwanza, ukipita seva inampa mtu mwingine kile kile ulichoshika wewe, na kuna muda wa mwisho, ukipita hata ukirudisha hakitakiwi. Ndo maana ya zile pointi za nyongeza kwa anayerudisha haraka, sio zawadi ya mwenye kadi kubwa, ni kwamba mnyororo mzima unamsubiri. Mie nilidhani nimeweka tu kitu changu pembeni kumbe nimeweka na cha wenzangu, kuna uzi mzima ulisimama kwa ajili ya kompyuta iliyozimwa kwenye nyumba ya Malindi mpaka ule muda wa kwanza ulipokwisha.

Toka siku hiyo situmii tena kitufe cha kusimamisha kama najua nitakua mbali. Kuna kitufe cha kumalizia, ukibonyeza inamaliza kipande ilichoshika na haichukui kingine. Jioni nikijua kesho nina shughuli nabonyeza hicho. Na kama usiku naona kipande kimebaki saa mbili na ni saa moja asubuhi, naiacha imalize, shilingi nane hizo si kitu. Nimeona wanaoanza wengi wanataka kuonyesha nguvu, wanaweka kila kitu wanajaza kazi za wiki nzima, alafu stima ikipotea au bando likiisha wanaacha nusu. Chukua unachoweza kukirudisha. Kadi ndogo inayorudisha kila ilichochukua inasaidia kuliko kubwa inayoacha njiani, mimi naliamini hilo na mwenye kubisha aje tupige hesabu.

Stima kupotea ni suala lake peke yake. Ikikatika ghafla hupotezi kipande chote, programu inaweka alama kila baada ya asilimia kadhaa na ikirudi inaanzia kwenye alama ya mwisho, mie nimewahi kukatikiwa kwenye 97 ikarudi nyuma hadi 95. Kinachoua kompyuta ni stima ikirudi, inarudi na nguvu. Wekeni gadi ile ya tivii au friji inayosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, usiku umelala huwezi kukimbilia kuchomoa. UPS yangu ndogo, ile betri ya akiba, haibebi kadi ikiwa kazini zaidi ya dakika chache, lakini chache zinatosha kwa zile za kukatika na kurudi.

Bando nalo. Vipande vinashuka na kupanda na uzito wa megabaiti makumi, kwa usiku sio kitu, kwa mwezi ni kitu. Usiku mmoja bando langu liliisha kipande kimeshakamilika hakina pa kupitia, kikakaa mpaka nikanunua asubuhi.

Kuna na jambo la makosa ya hesabu. Wakati wa kusafisha kadi fundi alinifanyia hisani bila kuniambia, akaipandisha spidi juu ya ile ya kiwandani video zitoke haraka. Video zilitoka vizuri tu, pikseli moja ikikosea kwenye harusi nani ataiona. Lakini kwenye kukunja vipande viwili mfululizo vilikufa katikati, logi inasema nafasi ya chembe sio namba tena, yaani hesabu imeharibika mpaka jibu sio namba. Nikadhani programu ni mbovu. Nilipoirudisha spidi ya kiwandani kosa halikutokea tena mpaka leo. Sayansi haina huruma kama video, kosa dogo linabebwa hatua inayofuata na inayofuata mpaka atomu zinaruka nje. Kama kadi yako umeipandisha spidi kwa ajili ya gemu, ishushe kwanza.

Baada ya Idi harusi zilirudi kwa kishindo, na hapo ratiba yangu ya usiku ikavurugika, siku nyingine naediti mpaka saa tisa za usiku na vipande vya saa tisa havinienei tena. Ndo nikaongeza Einstein@Home, mradi mwingine wa kuchangia kompyuta, inayokwenda kwa programu inaitwa BOINC, ile ilotoka Chuo Kikuu cha California Berkeley kwa watu wa SETI@home ya zamani, mradi wa kutafuta viumbe wa sayari nyingine. Vipande vyake kwenye kadi yangu havimalizi saa moja na muda wa kurudisha ni siku kumi na nne, kwa hivo nikiwa na saa mbili tu nafanya viwili vitatu nazima. Ushauri mmoja hapo, kuna sehemu ya kuweka akiba ya kazi ya siku ngapi, usiandike kumi, andika nusu siku au hata pungufu. Na usiziwashe zote mbili kwa wakati mmoja kwenye kadi moja, zinagombania na zote zinachelewa. Kule kila kipande wanapewa watu wawili tofauti na majibu yanalinganishwa, kwa hivo kadi inayokosea inajulikana upesi.

Einstein@Home inatafuta nyota zinaitwa pulsa, nyota zilizokufa zinazozunguka mbio na kumulika kama taa ya mnara wa bandarini. Mwaka 2010 kompyuta za watu wa kawaida, wawili mke na mume kule Iowa Marekani na mmoja Ujerumani, zilipata pulsa ambayo hakuna aliyeijua. Kilichonigusa zaidi ni kwamba baadhi ya data ninayohesabu inatoka MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, sahani sitini na nne jangwani Karoo. Data ya Afrika inahesabiwa Malindi, kwangu mimi hilo ni kubwa.

Nilimwambia ami yangu, mvuvi wa Ngomeni, nilipokwenda kumsalimia.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Naambiwa siku hizi unatafuta nyota kwa kompyuta."

Nikamweleza kuhusu pulsa. Akanyoosha kidole baharini kule kwenye majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi yaliyosimama majini, San Marco na mwenzake, akasema yeye alikua mtoto lakini anakumbuka wazee wakiambiwa wasitoe vyombo siku za kurusha. Na ni kweli kabisa, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wetu, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo hapo mbele ya Ngomeni ikapewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei kutoka angani tu. Na moja ya mambo iliyogundua ni kwamba Centaurus X-3 ni pulsa ya eksirei, inayozunguka kila sekunde karibu tano! Nilikua nimesoma hayo usiku uliopita nikamweleza ami pale pale ufukweni na nyavu zake mkononi, kwamba chombo kilichoondoka kwenye maji anayovua yeye kilikwenda kutafuta vitu vya ukoo ule ule ninaoutafuta mimi chumbani. Akaniuliza hiyo nyota bado ipo. Nikamwambia ipo. Akasema basi siku moja nimuonyeshe iko upande gani.

Shemeji yangu swali lake lilikua moja tu kama la watu wengi, "Unapata ngapi?" Alidhani nachimba bitkoini. Sipati kitu shem, nikamwambia, napata pointi ambazo haziuziki na jina kwenye orodha ndefu. Alitikisa kichwa, alafu wiki ile ile akaja kunivutia waya mpya wa soketi ya kompyuta bila kunidai, maana alisema ile extensheni niliyotumia imepata moto na mzigo wa usiku kucha ni tofauti na mzigo wa saa moja. Alikua sawa, plagi ilikua imeanza kugeuka rangi ya kahawia na mie sikuiona. Tazameni plagi zenu.

Kitu kimoja nilikataa. Binamu ana saiba yenye mashine nane na mwajiriwa wake akaniambia niweke kote usiku mwenyewe hatajua. Nilimpigia simu mwenyewe kwanza, akakataa kwa sababu ya stima, na hapo ikaisha. Stima ya mtu ni pesa ya mtu, hata kwa jambo la kheri.

Saa hii naandika ni Alhamisi usiku, kesho nina kesha Shela na Jumamosi kupamba, kompyuta itakua yangu mpaka Jumatatu. Nilibonyeza kumalizia saa kumi na mbili jioni. Kipande kiko asilimia 91, ni cha Alzheimer safari hii, imeandikwa. Mama amepita na kikombe cha chai akachungulia, akauliza kama ni kile cha bibi, nikamwambia ndio. Ameketi kwenye kitanda changu anasubiri kiishe.